Popo wa Shimo: Juu ya Nini Tusiwachome Moto



Mwaka huu, katika mkutano mmoja wa chama cha ushirika upande wa Likasi, papa mmoja mwenye miembe alisimama akasema hivi: "Siye tunapoteza maembe kila mwaka. Popo inatoka mule mu shimo ya zamani. Tuwashe moto pa mulango, bikufe byote, bikwishe." Watu wengi wakapiga makofi.

Kisha mama mmoja akasimama. Kijana wake anashuka katika shimo lile wakati wa kiangazi kutafuta madini, kwa sababu mahindi yakishavunwa hakuna feza nyumbani. Alitaka kujua kama ni kweli popo wanaleta ugonjwa. Na wa tatu, mlimaji wa nyanya, akauliza juu ya mavi ya popo: yamejaa mule ndani, ni mbolea nzuri, na mbolea ya dukani ni bei kali. Je, wachukue magunia waende kuyatoa?

Maswali matatu, shimo moja. Siku ile tulisema tutarudi na jibu lenye kufikiriwa vizuri. Somo hili njo jibu lenyewe. Hatuliandiki kwa sababu kuko mgonjwa Likasi. Tunaliandika kwa sababu kuna watu waliokwisha kujaribu dawa ya moto na nyavu, na tunajua ilivyowaendea.

Tuanze na muhogo

Virusi ni kitu kidogo sana, hakionekani kwa macho. Hakiwezi kuishi peke yake. Lazima kiingie katika mwili wa mmea, mnyama au mtu, njo kizae. Ninyi walimaji mnavijua virusi kuliko mnavyofikiri. Muhogo ukiwa na majani yaliyokunjamana, yenye madoa ya njano na ya kijani, hiyo ni mozaiki, na mozaiki ni virusi. Nani anaibeba? Inzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa majani ya sombe. Inzi mweupe mwenyewe haugui. Anafyonza mmea mgonjwa, kisha anafyonza mmea mzima, na virusi vinahama.

Na njia ya pili ni sisi wenyewe: tunakata vijiti kwa muhogo mgonjwa tunavipanda, au tunampa jirani.

Shikeni mambo mawili hapa. La kwanza: anayebeba virusi si lazima augue. La pili: hakuna shamba lililopona mozaiki kwa kuua inzi weupe wote wa inchi. Shamba linapona tunapochagua vijiti safi na aina za muhogo zinazostahimili, na kung'oa mimea iliyougua. Tunakata njia ya virusi; hatumalizi wabebaji.

Kwa wanyama ni vile vile. Mbu anabeba virusi vya homa ya manjano. Popo wa matunda anabeba virusi vinavyoitwa Marburg. Jina hilo ni la mji mmoja wa Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kugusa nyani walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua huko Ujerumani na Yugoslavia, 7 wakafa. Ni ndugu ya Ebola.

Yaliyotokea Durba

Durba iko katika inchi yetu, kaskazini-mashariki, eneo la Watsa, kwenye dhahabu ya Kilo-Moto. Kulikuwa na shimo la chini ya ardhi linaloitwa Goroumbwa. Vijana walishuka mule kuchimba kwa mikono, kama vijana wetu wanavyofanya huku kwa shaba na kobalti. Na mule ndani popo walikuwa wengi mno.

Kuanzia mwezi wa Oktoba 1998 hadi Septemba 2000, watu 154 waliugua. Walikufa 128. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji. Wengine walikuwa watu wa nyumbani kwao na waganga waliowahudumia. Daktari mkuu wa afya wa Watsa mwenyewe aliugua, akafa mwaka 1999. Ilikuwa wakati wa vita, na msaada ulichelewa kufika. Lakini wenyeji hawakushangaa: walikuwa wanaujua ugonjwa huo tangu miaka mingi, na walikuwa wameupa jina, homa ya damu ya Durba. Wenye kuishi na jambo mara nyingi wanalijua mbele ya wenye vitabu.

Watafiti walipofika walijiuliza: je, mtu mmoja alileta ugonjwa, ukapita kwa wengine wote? Wakachunguza virusi katika damu ya wagonjwa. Hapa tena fikirini vijiti vya mihogo. Ukikata vijiti vyote kwa mmea mmoja, shamba lote litafanana. Ukiona aina nyingi shambani, ujue vijiti vilitoka sehemu nyingi. Katika damu ya wagonjwa wa Durba walikuta virusi vya Marburg vya namna zaidi ya nane, zenye kutofautiana. Maana yake ni kwamba ugonjwa haukuingia kwa watu mara moja. Uliingia mara nyingi, tena na tena, kutoka mule shimoni.

Wakakamata popo, panya na wadudu wa Goroumbwa, wakawapima. Alama za virusi zilipatikana kwa popo. Na maji yalipojaa shimoni, watu wakaacha kushuka, ugonjwa ukakatika. Hakuna aliyewachoma popo. Kilichokatika ni njia kati ya popo na watu.

Kitaka: mahali ambapo waliua popo

Sasa tufike kwenye swali la papa wetu wa miembe.

Mwaka 2007, huko Uganda, wachimbaji wachache wa shimo la Kitaka walishikwa na Marburg. Watafiti wakaingia, wamevaa nguo za kujifunika mwili wote. Walipima popo wa matunda 611 wa aina wanayoiita Rousettus aegyptiacus. 31 walikuwa na virusi, yaani kama 5 kwa kila 100. Popo hao walikuwa wazima, wanaruka na kula kama kawaida. Kwa mara ya kwanza virusi hai vya Marburg vilitolewa katika mwili wa popo, na habari hiyo ilitangazwa mwaka 2009.

Lakini wachimbaji walitaka kurudi kazini. Mwaka 2008 waliamua kumaliza popo. Walifunga milango ya shimo kwa nyavu na matete, popo wakafa kwa wingi. Kazi ikaonekana imekwisha.

Mwaka 2012 Marburg ilitokea tena katika wilaya ya Ibanda, karibu na shimo lile lile, ikafika na sehemu nyingine za Uganda. Watafiti wakarudi Kitaka. Wakakuta popo wamekwisha kurudi, ni wachache sana kuliko zamani. Wakawapima. Safari hii wenye virusi hawakuwa 5 kwa 100. Walikuwa 13 kwa 100.

Juu ya nini? Wenye kufuga kuku wanaweza kuelewa. Tuseme ugonjwa umepita kijijini, kuku wengi wamekufa, lakini wengine wamepona na miili yao imezoea. Wewe unawauza wote waliopona, unanunua vifaranga wapya sokoni, unawaweka banda lile lile. Ugonjwa ukirudi, utawaka kama moto katika majani makavu, kwa sababu hakuna hata mmoja mwenye kinga. Watafiti wanaeleza kwamba njo ilivyokuwa Kitaka: popo wakubwa waliokuwa wamepona waliuawa, shimo likabaki wazi, popo wapya wakatoka sehemu nyingine kulijaza, na virusi vikapata miili mipya.

Katika pango jingine la Uganda, linaloitwa Python, watafiti waliona pia kwamba wenye virusi zaidi ni popo vijana wa miezi sita hivi. Wakilinganisha miezi ya vijana hao na miezi ambayo watu waliambukizwa, waliona zinakutana mara nyingi. Lakini Uganda ina mvua mara mbili kwa mwaka, sisi tuna msimu mmoja mrefu. Hapana kuchukua miezi ya Uganda mkaifanya kalenda ya Likasi. Shikeni tu kwamba katika kundi la popo, vijana wapya njo wenye hatari zaidi, na ukiua kundi unaita vijana wapya.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: moto hautamaliza ugonjwa. Utawatawanya popo, wengine watahamia kwenye nyumba na ghala. Mwenye kuwasha moto mlangoni atapuliziwa vumbi la mavi usoni, atakanyaga popo waliokufa, atawagusa. Na mwaka unaofuata shimo litajaa wageni.

Zaidi ya hayo, popo wana kazi yao. Wa matunda wanasambaza mbegu za miti ya pori. Wale wadogo wala wadudu wanakula usiku kucha, pamoja na nondo ambao watoto wao ni viwavi vinavyokula mahindi yetu.

Je, Durba si mbali na huku?

Ni mbali. Lakini mwaka 2018 watafiti walikuta virusi vya Marburg katika popo wa aina ile ile huko Zambia, na Zambia ni jirani yetu wa mlangoni. Mwezi wa Septemba 2024 Rwanda nayo ilitangaza Marburg. Ilianza kwa mchimbaji aliyefanya kazi katika shimo lenye popo wa matunda. Waliugua watu 66, wengi wao ni waganga. Walikufa 15.

Linganisheni. Durba, katika kila wagonjwa 10, walikufa 8. Rwanda, katika kila 10, walikufa kama 2. Virusi ni vile vile. Tofauti ni kwamba Rwanda wagonjwa walitambuliwa mapema, wakawekwa maji mwilini na kutunzwa, na waliokutana nao wakafuatwa siku baada ya siku. Kutangaza mapema kunaokoa watu. Kuficha kunaua.

Maembe na nguruwe

Kuna fundisho jingine kutoka mbali, la virusi vingine. Huko Malaysia, mwaka 1998 na 1999, wafugaji walipanda miembe karibu na mabanda ya nguruwe. Popo wa matunda walikuja usiku, wakala maembe, mabaki yenye mate yakaanguka ndani ya banda. Nguruwe wakala. Nguruwe wakaugua, kisha wafugaji wakaugua. Ugonjwa huo unaitwa Nipah. Watu 265 waliugua, 105 wakafa, na nguruwe zaidi ya milioni moja waliuawa ili kuuzima. Wafugaji wengi walipoteza kila kitu walichokuwa nacho.

Nipah haiko huku kwetu. Lakini njia ilivyopita tunaijua vizuri: embe lililong'atwa, banda chini ya mti, mfugaji asiye na habari. Njia hiyo tunaweza kuikata bila feza nyingi.

Sasa tufanye nini?

Kwa mwenye miembe. Popo anafuata embe lililoiva na kunukia. Vuneni maembe yaliyokomaa yakiwa bado magumu, muyaivishe nyumbani. Kwa mti ulio karibu na nyumba, funikeni vichala kwa mifuko au wavu. Embe lenye alama ya meno hapana kula, hapana kukata kipande kibaya mkabakiza kizuri, hapana kumpa nguruwe wala mbuzi. Likusanyeni kwa koleo, mulizike. Yale mazima, oshani na kumenya. Na banda la wanyama lisikae chini ya mti wa matunda.

Kwa mlimaji wa nyanya. Mavi ya popo ni mbolea kweli, hatukatai. Lakini kuyatoa ni kuingia, kuinama, kupiga koleo, na kuvuta lile vumbi kifuani, tena ukiwa chini ya popo wanaokojoa. Virusi vya Marburg vinaweza kuwa katika mate, mkojo na mavi yao. Gunia moja la mbolea halilingani na hilo. Shikamaneni na samadi ya mbuzi na kuku iliyooza vizuri, na mboji ya majani na mabua. Chama kinaweza kupanga shimo la mboji la pamoja kwa wenye bustani. Ni kazi ya jasho, si kazi ya feza.

Kwa mama mwenye kijana shimoni. Hatutasema tu "amkataze", kwa sababu tunajua juu ya nini anashuka. Njaa ya kiangazi haiondoki kwa maneno. Tunasema hivi: kama kuna sehemu isiyo na popo, achimbe huko. Shimo lenye popo wengi asiingie. Akilazimika kufika karibu, avae buti, mikono mirefu, glavu, na kitambaa kizito au maski puani na mdomoni. Asile wala kuvuta sigara mule ndani. Asimguse popo, awe hai au amekufa, wala asimlete nyumbani kuwa mboga. Akitoka, anawe kwa sabuni mbele ya kushika bukari au mtoto, na nguo za shimoni zifuliwe peke yake. Na chama kiulize: tunaweza kufanya nini ili kiangazi kiwe na kazi? Bustani za mboga kando ya mito, akiba ya mahindi ili tusiuze yote mwezi wa mavuno kwa bei ya chini, hizo pia ni kinga ya ugonjwa.

Kwa kijiji chote. Marburg inaanza ghafula: homa kali, kichwa kinauma sana, mwili wote unauma, kisha kuhara na kutapika, kwa wengine damu inatoka siku za mbele. Mwanzoni inafanana na malaria na tifoidi, hata munganga mzuri anaweza kukosea. Njo maana ni lazima mgonjwa aseme mwenyewe, au ndugu zake waseme: "Aliingia katika shimo lenye popo." Ugonjwa unaweza kutokea kuanzia siku 2 hadi siku 21 nyuma ya kuambukizwa. Neno hilo moja linaweza kuokoa munganga, na nyumba, na mtaa. Hakuna chanjo iliyokubaliwa kwa matumizi ya kawaida, lakini matunzo ya mapema yanasaidia sana, na maabara ya INRB ya Kinshasa inaweza kupima damu.

Mtu akifa kwa homa ya namna hiyo, hapana kuosha maiti wenyewe. Itikieni kituo cha afya kwanza. Tunajua ni vigumu. Kumwosha ndugu ni heshima ya mwisho. Lakini mwili wa marehemu bado una virusi vingi, na marehemu hapendi kuwachukua wanawe pamoja naye.

Na jambo la mwisho: kijana akisema aliingia shimoni, hapana kumcheka, hapana kumtenga mama yake sokoni. Siku mtakapomfedhehesha mmoja, wengine kumi watanyamaza.

Na lile shimo?

Tunashauri wanachama waende pamoja kwa chifu wa kijiji na kwa mkubwa wa kituo cha afya. Wekeni miiba au uzio mbali kidogo na mlango, wa kuzuia watu na mbuzi, si wa kuzuia popo. Wakati wa jioni waacheni watoke, alfajiri waacheni warudi. Waonyesheni watoto mpaka ambao hawapaswi kuuvuka.

Papa wetu wa miembe anaweza kuona jibu hili si tamu kama moto. Moto unaonekana: kila mtu anauona moshi, anajua kazi imefanyika. Kukaa mbali na shimo, kuvuna mapema na kufukia embe lililong'atwa, hakuna anayeona wala kupiga makofi. Lakini wachimbaji wa Kitaka walipata makofi yao mwaka 2008, na miaka minne ilitosha kuonyesha bei yake.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano

1. Kwa muhogo, nani anabeba virusi vya mozaiki? Sisi tunakata njia yake namna gani?
2. Juu ya nini popo wa Kitaka waliorudi walikuwa na virusi zaidi kuliko wa kwanza?
3. Katika kijiji chetu, ni mabanda mangapi yako chini ya miti ya matunda? Nani atasaidia kuyahamisha, na lini?
4. Mtu akipata homa nyuma ya kuingia shimoni, atamwambia nani kwanza? Je, anajua kwamba hatachekwa?
5. Chama chetu kinaweza kupanga kazi gani ya kiangazi kwa vijana wanaoshuka katika mashimo?

Mkiisha kujibu, andikeni mliyokubaliana, muyasome tena katika mkutano unaofuata. Somo lisiloandikwa katika daftari la chama linasahaulika mvua ikinyesha.